Gramu 550 kwa lita: akili unde ilipojibu kwa niaba ya ghala la viungo Tanga

Kisa hiki ni cha biashara ya familia mjini Tanga inayonunua na kuuza viungo, iliyoiachia programu ya akili unde (AI) iwajibu wateja wake. Wenyewe wameridhia kiandikwe ili wengine wajifunze. Majina nimeyaondoa na baadhi ya takwimu za mzigo nimezibadilisha, lakini mfuatano wa mambo na sababu za kila uamuzi vimebaki kama vilivyokuwa. Mimi niliitwa kusaidia upande wa hesabu na kumbukumbu, mzigo ukiwa umeshakataliwa.

Biashara yenyewe

Ghala liko katika moja ya zile barabara za namba za Ngamiani. Pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu hushuka kutoka vijiji vya Amani, Usambara Mashariki, hupita Muheza, kisha huingia mjini ndani ya salfeti, nyingine juu ya lori, nyingine zimefungwa nyuma ya bodaboda. Wanunuzi wa jumla wako Dar es Salaam, Arusha na Mombasa. Rejareja huuzwa dirishani, mbele ya ghala.

Mwenye biashara ni mama wa makamo aliyeirithi kazi kwa baba yake. Nitamwita Shangazi, kama anavyoitwa na kijana aliyeleta programu, ambaye ni mtoto wa kaka yake na amesomea kompyuta ngazi ya diploma. Wapo pia mzee wa ghala, aliyepokea mizigo ya familia hii tangu enzi za baba mtu. Binti aliyekuwa akijibu simu na meseji. Na wanawake wa ungo, wanaopepeta na kuchambua kwa malipo ya gunia.

Ubora wa mzigo haukuwa umeandikwa popote. Mzee huchota konzi moja, hunusa, huchagua punje akaing'ata kwa meno ya mbele huku akisikiliza. Punje iliyokomaa na kukauka sawasawa hupasuka kwa mlio mkavu. Iliyovunwa changa hubonyea, au unakuta ndani mna uwazi. Akiwa na shaka humwaga punje chache kwenye bakuli la maji na kutazama zinazoelea. Kisha humwambia Shangazi bei ya kumpa mkulima. Wanunuzi wa zamani walimwamini mama, na mama alimwamini mzee. Hakuna aliyewahi kuuliza gramu.

Jinsi programu ilivyoingia

ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika na kujibu maswali, ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Haikupita miaka miwili, kijana akawa nayo kwenye simu yake, ya bure. Alianza kwa mambo madogo: barua ya Kiingereza kwenda benki, maneno ya lebo za pakiti za mdalasini, jedwali la madeni lililokuwa limevurugika. Kazi ambayo Shangazi alikuwa akimlipa mtu wa steshenari ikawa inamalizika kabla chai haijapoa. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Barua zile zilikuwa nzuri kweli, na mkopo mdogo wa kununulia mzigo ulipatikana.

Imani ya hatua iliyofuata ilijengwa juu ya barua hizo. Kwa kuwa programu iliandika vizuri, ilichukuliwa kuwa inajua. Hakuna aliyelisema hilo kwa mdomo, lakini ukifuatilia maamuzi yote yaliyokuja baadaye utaliona chini yake.

Kijana akapendekeza walipie huduma ya kuunganisha akili unde na WhatsApp ya biashara, ijibu wateja yenyewe. Sababu zake zilikuwa tatu, na zote zilikuwa na uzito. Wateja huandika usiku, na mnunuzi wa jumla humwendea yule aliyemjibu kwanza. Binti wa simu alikuwa peke yake na hawezi kukesha. Na ada ya mwezi ya huduma ilikuwa chini ya mshahara wa binti. Shangazi alikubali. Binti akahamishiwa kwenye ungo, naye akaanza kulipwa kwa gunia badala ya mshahara.

Programu ilipewa orodha ya bei, saa za kufungua, maelekezo ya kufika na ukurasa mmoja wa maelezo ya biashara. Katika ukurasa huo kulikuwa na sentensi aliyoiandika kijana kwa nia njema: «Wakulima wetu hawatumii dawa za viwandani.»

Majuma ya mwanzo

Kwa wateja wa rejareja mambo yalikwenda vizuri. Mtu aliyeuliza saa tano usiku bei ya robo kilo ya iliki alipata jibu papo hapo, na asubuhi alikuja dirishani.

Kwa wakulima hali ilikuwa nyingine. Mkulima wa Amani haandiki barua. Anatuma meseji ya sauti, Kiswahili kimechanganyika na Kisambaa, jogoo anawika nyuma, akisema ana viroba viwili na gari litapita saa ngapi. Huduma ile haikusikiliza sauti. Akiandika, huandika kwa kukata maneno, na programu ikamjibu kama mteja anayetaka kununua. Baadhi yao walipiga simu ya mzee wa ghala moja kwa moja, wengine walikwenda kwa madalali. Ghala halikuona pengo hilo mapema kwa sababu kijana alikuwa akihesabu meseji zilizojibiwa, na hesabu ilipendeza.

Hapa lugha ina uzito wake. Kiswahili kina wasemaji wanaokadiriwa kupita milioni 200, lakini sehemu yake katika maandishi ya intaneti haifiki hata asilimia moja. Programu hizi hujifunza kwa maandishi. Kiswahili zinachokijua vyema ni cha magazeti, cha serikali na cha tafsiri. Cha mkulima aliyeko shambani, asiyeandika, zinakijua kidogo sana.

Swali la saa nne usiku

Mnunuzi mpya wa Dar es Salaam, anayekusanya viungo kwa ajili ya kusafirisha nje, aliandika usiku: «Habari. Naulizia pilipili manga tani tatu. Uzito wa lita ni ngapi? Unyevu je? Mna cheti cha kilimo hai?»

Jibu lilitoka baada ya sekunde chache: «Habari ndugu mteja! Pilipili manga yetu ni ya daraja la juu, yenye uzito wa gramu 550 kwa lita na unyevu usiozidi asilimia 12.5. Ndiyo, bidhaa zetu zimethibitishwa kuwa za kilimo hai. Je, ungependa kuweka oda?»

Nililisoma jibu hilo mara kadhaa kwenye simu ya kijana, kwa sababu ndilo kiini cha kisa. Ghala halikuwahi kupima uzito wa lita. Halikuwa na kipima unyevu. Cheti halikuwa nacho. Hata hivyo kila neno lilisikika kama la mtu mwenye shughuli yake.

Gramu 550 kwa lita ni kipimo kinachofahamika sana sokoni. Pilipili manga hupimwa hivyo kwa sababu punje zilizokomaa ni nzito na hujaza chombo kwa uzito, na changa ni nyepesi. Vietnam, inayoongoza duniani kwa kuzalisha na kuuza nje pilipili manga, hutangaza mizigo yake kwa gramu 500 na gramu 550. Programu ya akili unde imejengwa kwa kusoma maandishi mengi mno na kujifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ikiulizwa jambo ambalo haikupewa, na isipokatazwa, huendelea na kile kinachoandikwa mara nyingi. Kwa hiyo mteja aliuliza habari za mzigo wa Muheza akajibiwa kwa kipimo cha mashamba ya Asia. Nacho cheti kilizaliwa na ile sentensi ya dawa za viwandani: kutotumia dawa na kuwa na cheti ni mambo mawili tofauti, lakini katika matangazo ya biashara hukaa karibu karibu.

Mnunuzi alituma advansi benki. Asubuhi kijana aliona oda ya tani tatu na fedha imeingia, akampelekea Shangazi habari njema. Mazungumzo ya usiku hakuyasoma. Mzee wa ghala aliambiwa tu aandae salfeti 60 za kilo 50.

Mzigo ulipofika Dar es Salaam

Mnunuzi alichukua chombo cha lita moja, akakijaza bila kukitikisa, akasawazisha juu kwa rula na kuweka kwenye mzani. Alirudia kwa magunia mbalimbali. Yalicheza kati ya gramu 470 na 490. Akapiga picha za mzani, akazituma pamoja na lile jibu la usiku, na chini yake akaandika: «Naomba pia nakala ya cheti.»

Ndipo Shangazi alipoliona jibu hilo kwa mara ya kwanza.

Uamuzi wa kwanza: aliyesema ni nani?

Kijana alitaka mnunuzi aelezwe kwamba aliyejibu ni mashine, kwa hiyo ghala halikuahidi kitu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia: «Baba, juu ya meseji pameandikwa jina la nani? La babu yako. Basi tumesema sisi.»

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliookoa biashara, na ulifanywa na mtu ambaye hajawahi kuigusa programu yenyewe. Hata wenye mawakili wameshindwa kwa hoja ya kijana. Mwaka 2022 programu ya majibu ya shirika la ndege la Air Canada ilimpa abiria maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Shauri lilipofika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, shirika lilijitetea kana kwamba programu ile ni mhusika anayejitegemea, anayewajibika kwa maneno yake mwenyewe. Februari 2024 baraza lilikataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, dola za Kanada mia kadhaa, lakini msimamo uliowekwa unamgusa kila mwenye duka aliyeweka programu mlangoni kwake.

Shangazi alipiga simu, hakuandika. Alisema cheti hana na hajawahi kuwa nacho, na kwamba uzito ule haukupimwa. Aliomba mzigo urudi kwa gharama yake. Mnunuzi, ambaye naye alikuwa na meli inamsubiri, alikubali kuchukua chochote kitakachofika gramu 500 kwa bei iliyoshushwa. Mzigo ukarudi Tanga. Wanawake wa ungo, na binti wa simu miongoni mwao, walipepeta upya. Takriban kilo 2,100 zilivuka gramu 500. Nyepesi ziliuzwa kwa wasagaji wa ndani, ambao huhitaji ukali na harufu na hawajali sana uzito wa punje.

Hasara ilikuwa nauli ya lori kwenda na kurudi, malipo ya kupepeta, tofauti ya bei, na faida yote ya mzigo ule.

Uamuzi wa pili: daftari

Nilipoitwa, swali lililokuwa mezani ni kama programu izimwe kabisa. Shangazi alielekea huko. Mimi niliomba kwanza tuangalie ni swali gani la mteja ambalo ghala lenyewe lingeweza kulijibu kwa ushahidi. Tuliyapitia mazungumzo ya nyuma. Bei, ndiyo. Saa za kazi, ndiyo. Habari ya ubora, hakuna hata moja. Yote yalikuwa kwenye meno ya mzee.

Mzee mwenyewe ndiye aliyesema pale, bila kuulizwa, «mali bila daftari hupotea bila habari», na akaongeza kwamba baba yake Shangazi alikuwa na daftari la kupokea mizigo, likaachwa simu zilipoingia.

Likanunuliwa daftari kubwa la mistari, kopo la lita moja, mzani mdogo wa dijitali na kipima unyevu. Kila mzigo unaopokelewa huandikwa tarehe, kijiji, aliyeuleta, uzito wa lita, unyevu, na neno la mzee: «umekomaa», «una vumbi», «umevunwa mapema». Tulisisitiza neno la mzee liwemo. Katika juma la kwanza alikuwa akitabiri namba kabla ya kupima, na mara nyingi alikuwa karibu sana. Vijana wa ghala walianza kumzunguka wakati wa kupima ili wajifunze, jambo ambalo halikuwa likitokea alipokuwa akinong'ona bei tu.

Katika kipindi hicho majibu ya moja kwa moja kwa wanunuzi wa jumla yalifungwa. Barua na lebo ziliendelea kuandikwa kwa programu, mtu akisoma kabla ya kutuma.

Yaliyotokana

Kurasa za kutosha zilipopatikana, kijana aliziingiza kwenye jedwali na kuitaka akili unde itafute mwelekeo. Ilionyesha kuwa mizigo myepesi ilijikusanya mwanzoni mwa msimu, na kwamba mingi ilipitia kwa dalali mmoja. Mzee alikuwa akiyasema hayo kwa miaka. Tofauti ni kwamba sasa Shangazi alikuwa na karatasi ya kumwonyesha dalali. Akaweka bei tatu kwa uzito wa lita: chini ya gramu 480, kutoka 480 hadi 520, na zaidi ya 520.

Matokeo yake hayakuwa mazuri kwa wote. Wapo wakulima waliochelewesha kuvuna na wakalipwa vizuri zaidi. Wapo wengine waliosema wazi kwamba pilipili ikiachwa ikomae mtini huibwa, au ada ya shule haingoji, wakaendelea kuuza changa kwingine. Ghala halijapata jibu la hilo, na sidhani programu yoyote italitoa, kwa sababu tatizo liko kwenye ulinzi wa shamba na fedha ya kungojea.

Mnunuzi wa Dar es Salaam alirudi msimu uliofuata na oda ndogo. Aliomba picha ya ukurasa wa daftari, akatumiwa.

Uchambuzi

Nianze na lililofaa, kwa sababu ni kweli lilifaa. Akili unde iliipa biashara ndogo ya Tanga uwezo wa kuandikiana na benki na wanunuzi wa mbali bila kuajiri karani. Kazi ambazo mwanadamu anaweza kuzikagua kwa macho kabla hazijatoka zilifanyika haraka na vizuri. Vivyo hivyo maswali ambayo jibu lake liliandikwa na ghala lenyewe.

Palipoharibika ni pale programu ilipoachiwa kujibu mahali ambapo ghala lilikuwa kimya. Wengi husema kosa ni la mashine kudanganya. Mimi naliona mahali pengine: biashara isiyoandika habari zake itasemewa kwa habari za wengine. Dunia imeandika sana kuhusu pilipili ya Vietnam na kidogo mno kuhusu ya Muheza, na zana hizi zinaposambaa kila kona pengo hilo linageuka kuwa ahadi inayotolewa kwa mteja kwa jina lako. Hili linanihuzunisha, kwa kuwa ujuzi upo. Mzee yule anaijua pilipili ya milima ile kuliko maandishi yote ya intaneti.

Kosa la pili lilikuwa kuhesabu kisichofaa. Meseji zilizojibiwa zilipanda, na wakulima wakaondoka. Kama mtu angehesabu viroba vilivyopokelewa kwa juma, dalili ingeonekana mapema.

La tatu ni binti wa simu. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria Januari 2024 kwamba akili unde itagusa karibu asilimia 40 ya ajira duniani; asilimia 60 katika nchi tajiri na 26 katika nchi za kipato cha chini. Takwimu hizo zikisomwa haraka zinatuliza, kana kwamba sisi tutaguswa kidogo. Lakini katika ghala hili aliyeguswa kwanza ni msichana mwenye mshahara mdogo kuliko wote, na alipoondolewa iliondoka pia sikio lililofahamu meseji za sauti za Amani. Kampuni ya Klarna ya Uswidi ilitangaza mwaka 2024 kwamba programu yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka 2025 mkuu wake alikiri kuwa ubora ulishuka, na wakarudi kuajiri watu. Binti naye alirudishwa kwenye simu, kwa mshahara, na ndiye sasa anayepitia majibu ya usiku kila asubuhi.

Liko jambo jingine ambalo halikuleta madhara lakini lingeweza. Kijana alikuwa ameipa huduma ile orodha nzima ya wakulima, namba zao za simu na kiasi walicholipwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Orodha iliondolewa, na Shangazi akaanza utaratibu wa usajili. Wafanyabiashara wengi ninaokutana nao hapa Tanga na Muheza hawajui kuwa kupakia daftari la wateja kwenye programu kunaweza kuwa kulitoa nje ya mipaka ya nchi.

Hali ilivyo sasa

Programu imerudi kwenye WhatsApp ya ghala ikiwa na mipaka iliyoandikwa: hujibu bei ya rejareja, saa za kazi na maelekezo ya kufika. Swali lolote la ubora, cheti au mzigo wa jumla hupelekwa kwa binti. Ile sentensi ya dawa za viwandani imefutwa. Isipokuwa kwa pilipili manga: hapo inaruhusiwa kutaja uzito wa lita na unyevu wa mzigo uliopo ghalani, ikinukuu ukurasa wa daftari wa juma hilo. Iliki na mdalasini bado havijaanza kupimwa, kwa sababu mzee na Shangazi hawajakubaliana vipimwe kwa nini. Mteja akiuliza habari zake usiku anajibiwa kwamba swali limefika na atapigiwa simu saa mbili asubuhi.